Mtoto Asiyetulia Hahitaji Fimbo, Anahitaji Kuzoezwa

Ndugu msomaji, katika kijiji chako yupo mtoto ambaye kila mtu anajua jina lake. Wanalijua kwa sababu linaitwa kwa ukali kutwa nzima. "Wewe, shuka huko!" "Wewe, nimekutuma nini?" "Wewe, mwenzio kakukosea nini?" Mtoto huyo akitumwa chumvi dukani anarudi na panzi mkononi, na fedha zimepotea. Akiketishwa kula, anakula matonge mawili, amekwisha simama. Shuleni daftari lake lina mistari ya mwanzo tu. Usiku wenzake wamelala, yeye bado anachezea kamba ya chandarua.

Wazazi wake wamechoka. Wamempiga, hakubadilika. Wengine wamempeleka kuaguliwa. Wengine wamefikia hata kumfunga kamba mguuni ili wapate nafasi ya kwenda shamba. Siandiki haya kwa kuwacheka. Watoto wa namna hii tunawapokea zahanati, lakini hawaletwi kwa sababu ya kutotulia. Wanaletwa kwa kuungua uji, kwa kuvunjika mkono baada ya kuanguka kutoka mwembeni, au kwa kunywa mafuta ya taa. Jeraha linatibiwa, linapona. Baada ya miezi miwili mtoto yule yule analetwa tena na jeraha jingine.

Leo tuzungumze juu ya kile kinachomletea majeraha hayo, na namna ya kumsaidia bila kumpiga. Wazee wangu, shikamooni. Umri wangu ni mdogo kuliko wa wengi mnaosoma ukurasa huu, na najua si desturi kijana kuwafundisha wazee kulea. Lakini jambo hili lina utaalamu wake, na utaalamu huo tumesomeshwa ili tuulete kwenu.

HALI HII NI NINI?

Wapo watoto ambao ubongo wao unapata shida kufanya mambo matatu. La kwanza ni kutuliza mawazo mahali pamoja. La pili ni kutuliza mwili. La tatu ni kujizuia kabla ya kutenda. Wewe na mimi tukiona sufuria jikoni, kuna kitu ndani yetu kinasema, "Ngoja, ni ya moto." Kwa mtoto huyu sauti hiyo inachelewa. Mkono unafika kwanza, sauti inafuata nyuma.

Hospitalini hali hii hujulikana kwa herufi nne, ADHD. Zikariri herufi hizo, huenda ukazihitaji siku ukienda hospitali ya wilaya. Kwa lugha yetu tuseme hali ya kutotulia na kukosa makini. Si jambo la juzi. Mwaka 1902 daktari mmoja wa watoto, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wenye akili nzuri ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia wala kukaza mawazo. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba watoto kama 5 katika kila 100 duniani wana hali hii. Kwa hesabu hiyo, darasa la watoto 60 laweza kuwa na watatu. Mwalimu atakuonyesha wawili mara moja. Wa tatu ni msichana aliyekaa nyuma, kimya, anatazama dirishani. Huyo hasumbui mtu, kwa hiyo anaitwa mzubaifu au mvivu, na anaachwa. Naye anastahili msaada ule ule.

Hali hii haitokani na ulezi mbaya. Haitokani na mama kumdekeza mtoto, wala na jicho la jirani. Wengi hudhani sukari ndiyo inayowapandisha watoto, lakini watafiti walipoipima waliona si hivyo. Kwa sehemu kubwa hali hii hurithiwa. Muulize bibi yake jinsi baba yake alivyokuwa utotoni, utasikia. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao au wakiwa na uzito mdogo nao huipata zaidi kuliko wengine.

USIHARAKISHE KUMPA JINA

Si kila mtoto mtundu ana hali hii. Mtoto wa miaka mitatu kazi yake ni kukimbia, mwache akimbie. Tunaanza kufikiria hali hii pale kutotulia kunapozidi sana kule kwa watoto wa umri wake, kumekaa muda wa miezi sita au zaidi, kulianza kabla hajafika miaka 12, na kunaonekana nyumbani na shuleni pia. Akisumbua nyumbani tu, na shuleni ni mtulivu, tazama nyumbani pana nini. Kama alikuwa mtulivu miaka yote akabadilika ghafla, yafaa kutafuta kilichompata. Pengine amefiwa. Pengine kuna mtu anamtendea vibaya.

Tena kuna maradhi yanayofanana na hali hii. Mtoto asiyesikia vizuri kwa sababu ya usaha wa masikio hatii amri kwa kuwa hakuisikia. Mtoto mwenye upungufu wa damu hawezi kukaza mawazo. Kuna kifafa cha namna ya kimya: mtoto haanguki, bali anaduwaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, na mwalimu anadhani anaota mchana. Mtoto aliyeugua malaria kali ya kichwani huweza kubaki na shida ya tabia na ya kujifunza. Na mtoto anayekwenda shule na njaa, huyo huna haja ya kumtafutia ugonjwa. Kwa hiyo mlete kwanza zahanati tumpime.

KWA NINI FIMBO INASHINDWA

Najua hapa baadhi yenu mtasimama kusoma mseme, "Huyu kijana, sisi tulipigwa na tumekuwa watu." Nisikilizeni kidogo. Fimbo inamwambia mtoto asifanye nini. Haimwambii afanye nini. Halafu fimbo kwa kawaida huja imechelewa. Mtoto alipoteza fedha saa nne, baba anarudi jioni, anampiga saa moja usiku. Mtoto wa kawaida anaweza kuunganisha mambo hayo mawili. Huyu hawezi vizuri, kwa sababu kwake lililopita limepita. Anachokumbuka ni kwamba baba akirudi anapiga. Basi anajifunza kujificha baba akirudi, na kusema uwongo. Utundu unabaki pale pale, na sasa umeongeza mwoga na mwongo katika nyumba.

Mimi kwa maoni yangu naona kuna ubaya mwingine mkubwa zaidi. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba ni mbaya hatimaye anakubali. Akishakubali, hana sababu ya kujaribu tena. Anaacha shule darasa la nne au la tano, na wewe umepoteza mtoto ambaye akili yake haikuwa na kasoro.

KUZOEZA TABIA

Msaada wenyewe unaitwa tiba ya tabia. Hauna sindano wala kidonge. Anayefundishwa kwanza si mtoto, ni wewe unayemlea, kwa sababu wewe ndiye unayekaa naye.

Msingi wake unaujua tayari kama unafuga kuku. Ukiwaita kuku na kuwatupia mtama papo hapo, kesho ukiita watakuja mbio. Ukiwaita leo na mtama ukautoa kesho kutwa, hawatajua umewaitia nini. Sisemi mtoto ni kuku. Nasema kiumbe chochote hurudia jambo lililomletea faida, na faida ikija upesi, hulirudia upesi zaidi. Kwa mtoto wa hali hii upesi huo ndio kila kitu. Ukimwambia, "Ukifaulu mwisho wa mwaka nitakununulia viatu," umesema na mtu ambaye kwake mwisho wa mwaka haupo. Mwambie, "Ukikaa ukamaliza uji huu, utakuja nami kisimani," hapo anakuelewa.

Kitu anachokitaka mtoto kuliko vyote ni kuangaliwa na wewe. Jichunguze. Akiwa ametulia anachora chini kwa kijiti, unafanyaje? Unashukuru Mungu, unapita kimya usimwamshe. Akipanda juu ya ghala, unaacha kila kitu, unakimbia, unapiga kelele, majirani wote wanatoka. Mtoto amejifunza nini? Amejifunza kwamba akitulia hana mtu, na akipanda ghala ana kijiji kizima. Geuza mambo. Mkamate akiwa anafanya vizuri. Msifu kwa kutaja jambo lenyewe: "Umefunga mbuzi vizuri, kamba imekaza." Usiseme tu, "Mtoto mzuri." Hajui ni uzuri gani unaousemea.

Kisha angalia unavyomtuma. Sisi tuna desturi ya kusema hivi: "Nenda kwa shangazi yako uchukue kinu, ukipita mwambie mjomba aje, na urudi na moto, halafu usisahau mbuzi." Amri nne kwa pumzi moja! Mtu mzima mwenyewe angesahau moja. Mwite karibu. Mguse bega. Ngoja akutazame. Mpe amri moja, kwa maneno machache. Mwambie airudie kwa kinywa chake. Akiitimiza ndipo umpe ya pili. Usimtume kwa kumpigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja.

Siku yake iwe na mpango usiobadilika. Akiamka ananawa, anakunywa uji, anavaa. Akirudi shule anakula, anachota maji, anacheza. Mambo yakifuatana kila siku kwa utaratibu ule ule, miguu yake itakumbuka hata kichwa kikisahau.

Makosa madogo yapuuze. Kutikisa miguu, kuimba wakati wa kula, kugeukageuka, hayo hayaui mtu. Lakini nikuonye: ukianza kupuuza kelele zake, siku za kwanza zitaongezeka. Anajaribu kuona kama njia yake ya zamani bado inafanya kazi. Ukivumilia zitapungua. Ukishindwa siku ya tatu ukamgeukia na kumfokea, umemfundisha kwamba akiongeza sauti atakupata.

Makosa ya hatari hayapuuzwi. Kumpiga mwenzake kwa jiwe, kuchezea moto, kukimbilia barabarani, hayo yana adhabu, nayo iwe ndogo, iwe ya papo hapo, na iwe ile ile kila mara. Mtoe katika mchezo. Mketishe kwenye kigoda pembeni, mahali unapomwona, asiseme na mtu. Wengi hutumia kipimo cha dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake, yaani mtoto wa miaka sita dakika sita. Usimfungie ndani, wala usimweke juani. Zikiisha dakika zake, mrudishe mchezoni bila hotuba. Hotuba ndefu haimwingii.

VIZIBO VYA BIBI

Kuna bibi mmoja anayemlea mjukuu wake wa miaka saba. Alimleta kwetu mara ya tatu akiwa na kidonda cha moto. Tulipomaliza kumfunga kidonda, tulikaa chini ya mti tukapanga.

Tulichagua mambo matatu tu. Kufunga mbuzi kabla jua halijazama. Kukaa mpaka amalize chakula. Kurudi na kile alichotumwa. Kila akitimiza moja, bibi ataweka kizibo cha soda ndani ya kopo, hapo hapo, huku akisema ni kwa ajili ya nini. Vizibo vitatu ni hadithi moja ya ziada usiku. Vizibo kumi ni kupakiwa kwenye baiskeli ya mjomba mpaka mtoni na kurudi. Kizibo kikishaingia kwenye kopo hakitolewi, hata mtoto akikosa jambo jingine.

Bibi alinitazama kwa muda. "Mwanangu," akaniambia, "sasa nimlipe mtoto kwa kufunga mbuzi wa kwao? Sisi alitulipa nani?"

Nikamjibu, "Bibi, si mnasema mcheza kwao hutunzwa?"

Akacheka, akakubali kujaribu. Na swali lake lilikuwa la haki, kwa hiyo nalijibu hapa kwa wote. Hatumlipi mtoto milele. Tunamlipa mpaka jambo liwe mazoea, kisha tunapunguza kidogo kidogo: kwanza kizibo kila mara, baadaye mara moja moja, mwishoni sifa peke yake.

Mambo hayakwenda moja kwa moja. Juma la kwanza mtoto alifurahi, kopo likalia. Juma la pili vizibo vilizidi hesabu. Kumbe alikuwa anaviokota nyuma ya duka na kuvitumbukiza mwenyewe! Mjomba alitaka kumchapa. Bibi akakataa. Akatia alama ya msumari kwenye vizibo vyake, akasema kisicho na alama si fedha ya nyumba hii. Mimi niliona hiyo ni akili kuliko ya mafunzo yetu. Juma la tatu alikuja shangazi mgeni, akawa anampa mtoto muwa kila akilia. Kazi yote ikarudi nyuma. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono mingi inayovuta huku na huku nayo haimlei. Ikabidi mjomba akae na shangazi amweleze.

Baada ya miezi miwili mtoto bado alikuwa mkimbizi na msemaji. Hadithi ya baiskeli ilikuwa imemchosha, ikabidi zawadi ibadilishwe, akapewa ndama wa kumtunza. Hilo ni jambo la kawaida, watoto hawa huchoka upesi na zawadi ile ile. Lakini mbuzi walifungwa siku nyingi kuliko ambazo hawakufungwa. Chumvi ilifika nyumbani. Na tangu siku ile hajaletwa tena kwa kuungua.

MWALIMU NAYE

Nenda ukazungumze na mwalimu mapema, kabla hujaitwa. Mwombe amkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango. Mwombe ampe hesabu tano, azisahihishe, kisha tano nyingine, badala ya kumpa ishirini kwa mara moja. Na akiona miguu imeanza kucheza, amtume kufuta ubao au kupeleka chaki darasa la pili. Mtoto akitembea kidogo anarudi ametulia.

Njia moja inasaidia sana, nayo haigharimu fedha. Mwalimu na mzazi wanachagua mambo mawili au matatu, kwa mfano kumaliza kazi na kutompiga mwenzake. Kila jioni mwalimu anatia alama ya vema au ya kosa kwenye daftari dogo. Mtoto analeta daftari nyumbani. Mzazi anasoma, na vema zikitosha, zawadi inatoka nyumbani siku hiyo hiyo. Zamani mzazi asiyejua kusoma ilimbidi amwulize mtoto mwenyewe, "Mwalimu ameandika nini?" Jibu unalijua. Ninyi mliokwenda kisomo mtasoma wenyewe.

DAWA ZIPO?

Zipo dawa za hali hii, na zinawasaidia watoto wengi. Hazitolewi zahanati. Anayeziandika ni daktari aliyesomea mambo hayo, naye huangalia usingizi, hamu ya chakula, uzito na mapigo ya moyo. Mwongozo wa mwaka 2019 wa madaktari wa watoto wa Marekani unasema kwamba kwa mtoto wa miaka minne au mitano, mafunzo kwa wazazi yatangulie dawa. Kwa mtoto wa miaka sita na zaidi, dawa na mafunzo ya tabia vitumike pamoja. Basi hata penye dawa, kazi hii ya nyumbani haikwepeki. Na kwetu, ambako dawa hizo ziko mbali, ndiyo njia tuliyo nayo mkononi.

Usimpe mtoto dawa ya mafua au ya usingizi ili alale upate nafasi. Hiyo ni hatari, na haifundishi kitu.

Mafunzo haya hayaondoi hali yenyewe. Kwa watoto wengine hupungua wakikua, kwa wengine huendelea hata utu uzimani, ingawa mtu mzima anaweza kuchagua kazi inayomfaa. Usitegemee mabadiliko kwa siku tatu. Hesabu majuma. Na utakasirika, maana wewe ni mtu. Ukiona hasira imepanda, mwachie mwenzako mtoto, utoke uende ukateke maji.

UKIJA ZAHANATI

Ukimleta, njoo na kadi yake ya kliniki na daftari lake la shule. Tuambie kama aliwahi kupata degedege, kama alizaliwa kabla ya siku, analala saa ngapi, na tangu lini hali hii imeonekana. Kama mwalimu anaweza kuandika maneno machache, njoo nayo. Tutatazama masikio na macho, tutapima damu, na ikibidi tutakuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Kutoka huko anaweza kupelekwa kwa wataalamu wa akili, kwa mfano Muhimbili, Dar es Salaam, au Mirembe, Dodoma. Usiogope jina la Mirembe. Kupelekwa huko si kusema mtoto ni kichaa.

Njoo asubuhi na mapema, kabla foleni haijawa ndefu, na umwambie mhudumu wa mlangoni kwamba mtoto wako hawezi kungoja. Mwekee mfukoni kipande cha kamba au mawe madogo ya kuchezea. Na akikaa kwenye benchi hata dakika tano, msifu hapo hapo, mbele yetu.